Mtoto hakomai: kosa si la mama yake

SHITURU, LIKASI. Siku ya kupima watoto kilo, wamama wanapanga mstari mapema, mtoto mgongoni, karatasi mkononi. Mtoto anatundikwa kwenye mizani, analia, muuguzi anaandika. Halafu wanapima urefu. Kuna watoto ambao alama yao inapanda mwezi kwa mwezi, na kuna wale ambao alama inabaki palepale. Mama wa mtoto wa namna hii anajua swali litakalofuata hata kabla halijatoka: "Mama, unamlisha nini huyu mtoto?"

Swali si baya. Ubaya ni kwamba mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Mama anarudi nyumbani na haya usoni, na majirani wanaongeza yao: huyu anapenda soko kuliko mtoto, yule hakungoja, akashika mimba nyingine mapema, wa tatu maziwa yake yameharibika, wa nne mtoto amerogwa. Katika maneno yote hayo, mwenye kosa ni mmoja tu, mama.

Lakini hesabu yenyewe inakataa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2017-2018 ulionyesha kwamba katika Kongo, watoto 42 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyofaa kwa umri wao. Watoto 42 kwa 100! Je, karibu nusu ya wamama wa nchi nzima wamekuwa wavivu kwa wakati mmoja? Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuamini hivyo. Kuna kitu kingine, na kitu hicho kinakaa ndani ya utumbo wa mtoto. Wapo watu waliokitafuta, na walichokikuta kinafaa kusikika Shituru.

Watu hao hawako mbali. Wafanyabiashara wa Likasi wanaijua njia: Lubumbashi, Kasumbalesa, Ndola, Kabwe, mpaka Lusaka. Katika mji huo, kwenye hospitali kubwa ya chuo kikuu, kuna kundi la watafiti wa magonjwa ya tumbo. Yumo munganga Mwingereza Paul Kelly, ambaye amefanya kazi Zambia miaka mingi, na wenzake Wazambia kama Beatrice Amadi, munganga wa watoto, na Violet Kayamba. Sehemu ya kazi yao waliifanya Misisi, mtaa maskini wa Lusaka wenye nyumba zilizobanana, visima vifupi na vyoo vya shimo. Mtu wa Likasi akipelekwa kule usiku, asubuhi anaweza kudhani bado yuko kwao.

Watafiti waliomba watu wazima wa Misisi wakubali kuingizwa mpira mwembamba wenye kamera mpaka ndani ya utumbo. Kwa mpira huo walichukua vipande vidogo vya nyama ya utumbo na kuvitazama kwa mikroskopi. Wale hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Walikuwa watu wanaoamka asubuhi, wanaofanya kazi, wanaokula chakula kilekile cha unga wa mahindi ambacho Lusaka wanakiita nshima na Likasi wanakiita bukari. Hata vile, karibu kila mmoja wao alikuwa na utumbo ulioharibika.

Ulioharibika namna gani? Ndani ya utumbo mwembamba wa mtu mzima wa afya kuna vidole vidogo sana, vimesimama vizuri kama nyuzi za taulo mpya. Vidole hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula na kukipeleka katika damu. Kwa watu waliochunguzwa, taulo ilikuwa imechakaa: vidole vimefupika, ukuta wa utumbo unavuja, na ndani ya nyama kumejaa chembe za ulinzi wa mwili. Kwa watoto waliolazwa na utapiamlo mkali, Amadi na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba ukuta huo una nafasi wazi ambamo vidudu na sumu zake vinaweza kupenya.

Hali hii haina kelele. Haileti homa, na mara nyingi haileti hata kuhara. Mtoto anacheza, anakula, anaomba tena. Lakini chakula kinapita kama maji katika ndoo yenye matundu, na hata kile kidogo kinachoingia katika damu kinagawanywa, sehemu kwa kukua, sehemu kwa vita. Ni vita gani hiyo? Hapo ndipo inabidi kuelewa safari ya askari wa mwili.

Ndani ya damu ya kila mtu kuna chembe nyeupe zinazolinda mwili. Hazikai mahali pamoja, zinazunguka kama askari wa zamu. Utumbo ndio mlango mkubwa ambao vidudu hupitia kila siku, pamoja na chakula, maji na vidole vichafu, kwa hiyo askari wengi sana hupelekwa kule. Lakini askari anajuaje kwamba kazi yake ni tumboni, wala si katika ngozi au mapafu? Katika miaka ya 1980 na 1990, Eugene Butcher wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walieleza jambo hilo. Askari wa tumbo amebeba juu ya ngozi yake kitu kama ufunguo, na mishipa ya damu ya utumbo ina kufuli linalolingana na ufunguo huo. Askari akipita katika damu na kukuta kufuli lake, anasimama, anashika ukuta, anaingia.

Na ufunguo huo anaupata wapi? Mwaka 2004 mtafiti Mjapani Makoto Iwata na wenzake walitoa jibu ambalo kila mama wa Katanga angepaswa kulisikia. Askari anapewa ufunguo wa tumbo kwa msaada wa asidi-retinoiki, kitu ambacho mwili hukitengeneza kutokana na vitamini A. Ni vitamini ileile ya kidonge cha bluu kwa watoto wa miezi 6 hadi 11, na cha nyekundu kwa wale wa mwaka 1 mpaka miaka 5, ambavyo watu wa afya wanavikata na kuvikamulia kinywani mwa watoto wakati wa kampeni. Ni vitamini ambayo mwili unaipata pia kutoka matembele, sombe, papai, maembe, viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa na mafuta mekundu ya mawese. Unga mweupe wa bukari hauna hata kidogo cha kutosha. Mtoto anayekula bukari na mchuzi wa chumvi anawanyima askari wake ramani ya njia.

Kundi la Lusaka halikuishia kusoma habari hizo katika vitabu. Walijiuliza: kama asidi-retinoiki ndiyo inayoonyesha askari njia, je, mtu akipewa pamoja na chanjo ya kunywa, chanjo itafanya kazi vizuri zaidi? Walijaribu kwa wanaume wazima wa Zambia, wakawapa chanjo ya kunywa ya tifoidi pamoja na kipimo kidogo cha dawa hiyo. Majibu yalitoka mwaka 2014: ndani ya utumbo wa waliopewa dawa, kingamwili dhidi ya tifoidi ziliongezeka. Ulikuwa mtihani mdogo, kwa wanaume tu, na mtu yeyote asikimbilie kununua vidonge vya vitamini A sokoni, kwa sababu vikizidi ni sumu, hasa kwa mama mwenye mimba. Lakini ulionyesha kwamba swali kubwa la sayansi linaweza kuulizwa na kujibiwa Afrika, kwa watu wa Afrika, kwenye barabara ileile inayopita Kasumbalesa.

Juu ya nini swali la chanjo ni zito hivyo? Tazama chanjo ya rotavirusi, kidudu kinachosababisha kuhara kukali kwa watoto. Ulaya, chanjo moja ya kunywa ilizuia zaidi ya 90 kwa 100 ya ugonjwa mkali. Chanjo hiyohiyo ilipojaribiwa Afrika Kusini ilizuia 77 kwa 100, na Malawi 49 tu. Chupa ni moja, dawa ni moja, tumbo ndilo tofauti. Kuna sababu kadhaa, na watafiti wengi wanaona utumbo uliojaa vita kuwa mojawapo: chanjo ni kama mjumbe anayebisha hodi katika nyumba yenye fujo, na hakuna anayemsikia.

Wala mtu asitumie hesabu hiyo kukataa chanjo. Malawi, ambako ugonjwa ni mwingi, chanjo hiyo iliokoa watoto wengi zaidi na kuhara kukali kwa kila 100 waliochanjwa kuliko Afrika Kusini. Mtoto wa Shituru apelekwe kuchanjwa, bila mjadala. Hoja ni nyingine: mtoto huyu anapokea nusu ya faida ambayo mtoto wa Ulaya anapokea, na mama yake hana kosa lolote katika hilo.

Ajabu ni kwamba katika nchi tajiri njia hiyohiyo ya askari inatafutwa kwa sababu iliyo kinyume. Huko kuna watu ambao utumbo wao unavimba wenyewe, askari wanashambulia nyama ya mwili bila adui. Mwaka 2014, mwaka uleule wa majibu ya Lusaka, Marekani na Ulaya ziliruhusu dawa iitwayo vedolizumab, ambayo inaziba ufunguo ili askari wasiingie tumboni. Kwa wagonjwa wale ni msaada mkubwa. Lakini mtoto wa Misisi au wa Shituru, askari wake hawajakosea. Wanapigana na adui wa kweli, anayeingia kila siku. Kumzibia njia askari huyu ni kumfungulia mwizi mlango. Dawa ya vita vya namna hii ni kumzuia adui asifike.

Na kuna ushahidi kwamba adui akizuiwa, tumbo linaweza kupona. Katika miaka ya 1960 vijana Wamarekani waliokwenda Pakistani kufanya kazi ya kujitolea walipata utumbo ulioharibika, ingawa walitoka kwao na afya nzuri. Waliporudi Marekani na kukaa muda, utumbo wa wengi wao ulirudi katika hali yake. Damu yao haikubadilika, wala mama zao. Kilichobadilika ni maji, choo na mahali pa kuishi.

Hapo mtu anaweza kusema: basi kazi ni rahisi, watu wapewe klorini, ndoo ya kunawia na choo. Ndivyo miradi mingi inavyosema, pamoja na fulana na mabango. Bahati mbaya, jambo hilo limejaribiwa kwa uangalifu mkubwa, na majibu yake ni machungu.

Magharibi mwa Kenya, katika Kakamega, Bungoma na Vihiga, wamama wajawazito zaidi ya 8,000 waliingia katika utafiti uliotoa majibu yake mwaka 2018. Familia nyingine zilipewa klorini ya maji, nyingine choo bora, nyingine mahali pa kunawa na sabuni, nyingine yote pamoja, nyingine chakula cha nyongeza kwa mtoto. Zimbabwe nayo iliandikisha wamama zaidi ya 5,000, na majibu yakatoka mwaka 2019: choo kipya, ndoo za kunawia, sabuni, klorini, hata mahali safi pa mtoto kuchezea. Katika nchi zote mbili, maji na usafi wa namna hiyo peke yake havikuongeza urefu wa watoto. Kuhara nako hakukupungua. Chakula cha nyongeza ndicho kilichosaidia kidogo: Zimbabwe, watoto waliodumaa walishuka kutoka 35 mpaka 27 kwa 100.

Wapo waliosoma majibu hayo wakasema: kumbe usafi hauna maana. Huo ni usomaji wa haraka. Watafiti wenyewe walieleza kwamba kilichotolewa kilikuwa kidogo mno mbele ya uchafu uliopo. Choo kimoja kizuri katika lupango kinasaidia nini kama majirani kumi wanajisaidia katika mashimo yanayofurika wakati wa mvua? Klorini katika bidoni inasaidia nini kama mtoto anatambaa uani pamoja na kuku, anaokota udongo, anaweka kinywani? Vidudu vilipungua kidogo, vita havikuisha. Askari walibaki tumboni.

Basi somo kwa Shituru ni hili: nusu ya kazi haileti nusu ya matunda. Kinachotakiwa ni maji ya bomba yanayotoka kila siku ndani ya lupango, yakiwa mengi ya kunywa, kupika, kufua na kumwogesha mtoto, na uchafu wa vyoo unaoondolewa mbali na visima katika mtaa mzima, sio katika nyumba tatu za kupigiwa picha. Pamoja na hayo, mboga na mafuta katika sahani ya mtoto. Mama anayetembea na bidoni la lita 20 kichwani, anayelipa fransi kwa kila bidoni, atapima maji kwa kikombe. Kumhubiria anawe mikono mara kumi kwa siku ni kumdhihaki.

Wengine watajibu kwamba pesa hazipo. Komini ya Shituru imebeba jina la kiwanda ambacho kimetoa shaba tangu mwaka 1929, kwanza kwa Union Minière, baadaye kwa Gécamines, na kampuni za migodi bado zinachimba na kusafisha madini katika eneo la Likasi. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni inayochimba itoe angalau 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na kazi zake, na isaini nao kitabu cha ahadi. Pesa hizo zinajadiliwa katika vikao ambavyo wakaaji wana wajumbe wao. Swali ni kile kinachoombwa vikao vinapokaa. Mara nyingi kinachopendwa ni kitu kinachoonekana na kuzinduliwa kwa kukata utepe. Bomba liko chini ya ardhi, halipigwi picha. Lakini hakuna jengo litakaloingia ndani ya utumbo wa mtoto na kuzima moto uliomo.

Regideso nayo ni ya serkali, na serkali haiwezi kununua chanjo kwa mkono mmoja na kuacha maji machafu yaiharibu kwa mkono mwingine. Mwenye kupanga bajeti ya afya na mwenye kupanga bajeti ya maji wanapaswa kukaa meza moja, kwa sababu mtoto wanayemhudumia ni mmoja.

Liko pia deni la wasomi. Chuo kikuu cha Lubumbashi kimeshaonyesha kinaweza. Mwaka 2009 munganga Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, wakishirikiana na chuo kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, walitangaza majibu ya kupima mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Walikuta kobalti kwa kiwango kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuripotiwa kwa wakaaji wa kawaida. Kabla ya hapo watu walilalamika tu. Baada ya hapo walikuwa na namba, na namba haziwezi kuambiwa zinyamaze. Watoto wa Likasi wanastahili kazi ya namna hiyo upande wa tumbo: kupimwa urefu, kinyesi, damu na maji wanayokunywa, mtaa kwa mtaa, na majibu yarudishwe kwa wazazi wao katika Kiswahili. Lusaka imefanya. Lubumbashi iko kilomita kama 120 tu kutoka Likasi.

Wakati hayo yanangojewa, kuna kitu kinachoweza kubadilika kwenye mizani hata mwezi ujao, bila fransi moja. Muuguzi akiona alama haipandi, aulize bado kuhusu chakula, maana sahani ina kazi yake, na tone la mawese juu ya matembele lina kazi yake pia. Halafu aulize swali la pili, na aliandike jibu lake kwenye karatasi ileile, karibu na kilo: "Mama, maji mnachota wapi?"

Karatasi za mwaka mmoja zikikusanywa, mkubwa wa komini atakuwa na orodha ya visima na ya watoto wasiokomaa, moja pembeni ya nyingine. Hapo swali halitakuwa tena juu ya mama.